Bega la Mwalimu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za kazi na afya, acha nikuungamie jambo ambalo sijamwambia mtu: tangu Mama atoke hospitali, anapolala mchana mimi huifumua mishono yake na kuishona upya.

Huku hatujambo. Tangu mshipa ule umpasukie kichwani, Mama anasahau. Mkasi tunaukuta kwenye friji. Mama humwita Baba kwa jina la mjomba, na Baba anaitika, eti mjomba ndiye aliyekuwa akipendwa. Daktari alieleza kwa lugha ya shuleni, nami nikamtafsiria Baba: kumbukumbu itarudi kidogo kidogo, na kazi aliyoizoea itamsaidia, mradi asikate tamaa. Ndiyo maana nikawa naficha makosa yake. Niliogopa akiyaona ataifunika cherehani moja kwa moja.

Juzi alimaliza gauni la mwalimu wangu wa hesabu. Nikalipima, nikaona bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto kwa upana wa kidole. Nikafumua, nikasawazisha, nikajiona fundi.

Jana mwalimu akaja kulijaribu. Likamkaa upande, kama limevalishwa mlango. Mama akamzunguka, akampapasa, akasema, "Mwalimu, bega lako hili limeinama tangu nikushonee gauni la kwanza. Nililikata kwa kulifuata."

Dada, hakufungua daftari la vipimo! Alivitoa kichwani, kichwa kilekile. Mwalimu akacheka, akasema bega limeinamishwa na mzigo wa madaftari yetu. Nilitaka kurukaruka, nikaishia kuinama na kuokota pini.

Lakini mgeni alipoondoka, Mama aliniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani sikushona nilivyokata?" Nami, mwoga wako, nikajibu sijui. Sasa anadhani kichwa kimemchezea, kumbe juzi kilikuwa sawa kuliko changu. Leo tangu asubuhi hajaigusa cherehani.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu. Namsikia Mama anakuja, ndara zinaburuzika koridoni. Karatasi hii nilikuwa nimeshaisukuma chini ya kitambaa. Naitoa. Naiweka mezani, maandishi juu, aisome yeye kwanza, wewe utaipata baadaye.

Nikupendaye,
Kitindamimba