Mashua Iliyokaukia Juu ya Tela

Bagamoyo, Jumatano 16 Oktoba 1957. Miaka miwili na miezi mitatu tangu niondoke Songea.

Nina hasira sana. Mzungu wangu aliahidi kuniachia niende kwetu siku atakapouza mashua yake. Imekaa juani juu ya tela miezi minne. Juzi nilimwambia tuiloweke kwanza, mbao zivimbe, nyufa zijizibe. Akasema, "Wewe mtu wa bara, unajua nini?"

Leo amekuja Mzee Shomari wa Mlingotini kuinunua. Tukaishusha majini, bwana akawasha ile mashine ya kupachika nyuma. Hatujafika mbali, maji yakatufika vifundoni.

"Mwanangu, hii mashua au chujio?" Mzee akaniuliza. Akaruka majini, akarudi pwani anacheka.

Bwana akanigeukia mimi. "Mpumbavu! Kwa nini hukuiloweka?" Mbele ya wavuvi wote! Na mimi ndiye niliye... Nikachota maji kwa kopo.

Jioni nimeifunga majini iloweke, sikumuuliza. Iuzwe isiuzwe, mwezi huu ukiisha naondoka. Mvua za kwanza zitanikuta kwetu, nimeshika jembe langu mwenyewe.