Breki ya Mbele

Ndugu yangu, nimefanya ujinga. Shemeji, kaka wa mke wangu, ameanguka na pikipiki yangu. Amevunjika mkono.

Si unajua ninavyoisifia? Mjini inapenya, safari ndefu haichoki, barabara ya vumbi haina neno. Leo asubuhi nikampa ufunguo huku naisifia. Breki ya mbele imelegea tangu Jumatatu na sikumwambia!

Sasa yuko wodini, eti ananiomba msamaha. "Shem, nisamehe, nimekuharibia pikipiki." Ananiomba msamaha MIMI!

Nami nikamjibu, "Usijali." Usijali!!

Nikatoka koridoni, nikashindwa kukaa. Nikarudi, nikamwambia ukweli wote.

Hakufoka. Aliniuliza tu, "Dada yangu umempakia mara ngapi wiki hii?"

Kila siku, ndugu yangu. Nampeleka kazini kila siku.