Taa Ulizonitumia, Wifi

Nyumbani, chumba cha kushonea,
Jumapili, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, wewe, mumeo na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Yule mkandaji uliyenisimulia amekusaidia, au ni wale wa kukandamiza palipo pazima? Sisi huku tupo. Hatuumwi homa wala tumbo, na nyumba iliyofiwa haipaswi kudai zaidi ya hapo.

Usishangae herufi zangu kunenepa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nimekaa mlangoni penye mwanga, na sababu yake utaisoma mbele. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu ungenikatiza neno la pili tu: "Wifi, acha hayo, pumzika." Barua haikatizwi.

Habari ndogondogo kwanza. Bati la jikoni lililokuwa likivuja limezibwa. Binti yetu amehamishiwa ofisi ya karibu, sasa analala hapa nami. Cherehani yangu ni nzima, ila sare za shule mwaka huu nimeshona chache, na zile za kola nimezikataa kabisa.

Sanduku lako lilifika salama. Taa mbili za mbele, mbili za nyuma, na zile ndogo za kufunga chini ya bampa, kila moja umeiviringisha kwenye fulana zilizokwisha kuwabana watoto wako. Nilisoma ulichoandika juu ya boksi kwa kalamu nyekundu: "Wifi, giza lisitudhulumu tena." Nilikaa nalo mapajani kwa muda mrefu.

Unakumbuka tulivyowaeleza watu msibani. Kwamba jioni ile giza lilikuwa linaingia, lori limeegeshwa kando ya barabara, nondo zimetokeza nyuma yake, na taa za kigari chetu zilikuwa za manjano na hafifu, sikuziona nondo mpaka zilipoingia upande wa kaka yako. Ndivyo nilivyokuambia wewe, ndivyo nilivyowaambia polisi. Wifi, niliamini hivyo. Naomba ulishike hilo kabla ya kuendelea kusoma.

Kiberiti, hicho kigari chetu, kilikuwa kimerudi kutoka kwa fundi wa bodi, kioo kipya, mlango wa kushoto wa rangi nyingine. Nikakipeleka kwa fundi wa umeme wa magari aliye nyuma ya kituo cha mafuta, wanamwita Shoti. Ni mtu wa maneno mengi. Alipofungua sanduku aliruka nyuma kama kaona nyoka.

"Mama, hizi taa za ndege hizi! Aliyekutumia anakupenda, au anataka upae?"

"Ni wifi yangu."

"Wifi? Anatuma taa? Wifi ya mke wangu hutuma maneno tu, tena kwa mtu mwingine."

Nilicheka. Tangu tumzike kaka yako sikuwa nimecheka kwa sauti.

Kazi ilichukua siku mbili. Ya kwanza alipowasha tu fyuzi ikaungua, maana waya za zamani zilikuwa nyembamba kuliko taa zako; ikabidi avute waya nene mpya kutoka kwenye betri. Ya pili akafunga za nyuma, nikakanyaga breki, akapiga makofi. Kila kitu kilikuwa kinang'aa. Kiberiti kilikuwa kama bibi aliyevalishwa miwani ya harusi.

Mwisho wa kazi taa za mbele hupimwa zisije zikawapiga watu machoni. Shoti alikiingiza Kiberiti bandani, kikatazama ukuta. Akachora mstari wa chaki ukutani, akashusha mlango wa bati ili pawe giza mchana uleule. Mimi nikakaa kwenye usukani, yeye akasimama mbele na bisibisi.

"Mama, mwanga umegusa mstari, au uko juu?"

"Mstari upi?"

"Huo wa chaki."

"Si hujachora bado?"

Akacheka. "Mama naye! Kwa taa hizi hata kipofu ataona."

Mbele yangu palikuwa na weupe mtupu, wifi, kama unga uliomwagika na kupeperuka, na ndani yake kivuli chake. Ukuta niliuona. Mstari sikuuona. Akaja dirishani, akanitazama usoni, kicheko kikamwisha.

Nikamwuliza, ile taa ya zamani, ya kulia, iliyosalia nzima siku ile, bado anayo? Akasema ipo kwenye takataka, kioo chake kimeingia manjano, haifai kitu. Nikamwambia aifunge, halafu akae nilipokaa mimi.

"Ya nini tena, mama?"

"Ifunge tu, mwanangu."

Akaifunga. Tukabadilishana, yeye ndani, mimi nje nimeshika mlango. Nikamwuliza anaona nini.

"Hafifu, mama. Hafifu sana," akasema haraka, kwa sauti ile tunayowaambia watoto kwamba sindano haiumi.

"Usinidanganye. Nimefiwa na mume."

Akaegemea usukani, akautazama ukuta. Kisha akasema taratibu, "Naona mstari. Naona na msumari uliopo juu yake. Naona kalenda, mama, na tarehe zake."

Kwa taa moja, wifi. Ya zamani, ya manjano, haijasuguliwa hata kwa kitambaa. Siku ile tulikuwa nazo mbili.

Shoti ndiye aliyetuendesha kurudi nyumbani, mimi na Kiberiti. Njia nzima hakufanya mzaha hata mmoja.

Wiki iliyofuata binti yetu alinipeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na si wa jana. Daktari alisema ana miaka mitatu au minne humo ndani. Mchana jua likiwaka ninaonaona, ndiyo maana sikushtuka. Ni jioni, na mbele ya mwanga mkali, ndipo kila kitu huwa ukungu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Yangu yalikuwa nalo, nami nikaenda kulalamikia taa.

Nikamwuliza huondolewaje. Alinijibu vizuri tu, kwa kunitia moyo: "Operesheni ndogo, mama, haifiki hata nusu saa, unalala nyumbani kwako." Nilimshukuru, nikatoka. Nimelihesabu hilo neno lake kila siku tangu hapo. Nusu saa ya kulala chali ingemwacha kaka yako hai.

Sasa mambo ninayoyakumbuka yanakuja na sura nyingine. Unajua alivyokuwa akiamka mapema kabla ya kwenda kufungua kibanda chake cha saa. Alikuwa anaketi kwenye mashine yangu, anavaa kile kioo chake cha fundi jichoni, anatunga uzi kwenye sindano kumi, nyeupe tano na bluu tano, anazichomeka kwenye pazia zikiwa zimepangwa. Nilidhani ni mahaba ya uzeeni. Niliwasimulia wateja, wakanionea wivu.

Na garini je? Kwa sababu ya lile goti lake lisilokunjika mimi ndiye niliyeendesha, yeye akakaa pembeni akisema bila kupumua: "Shimo kushoto. Baiskeli hiyo. Mama mwenye ndoo. Punguza, punguza." Nilikuwa namwambia, "Baba, leseni ni yako au yangu?" Anacheka: "Yako, mama. Mimi ni utingo tu." Nilimwona msumbufu. Wifi, kumbe mimi nilikuwa miguu tu. Aliyekuwa anaendesha ni yeye.

Je, alijua? Naamini alijua. Kwa nini hakuniambia, sijui. Labda aliona nitavunjika moyo na cherehani. Labda alipenda kuwa macho yangu, mtu aliyekuwa hawezi tena hata kupanda ngazi. Wa kumwuliza hayupo. Husemwa mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sikuficha, sikujua. Lakini kilio kimefichua vilevile.

Nimefika pale nilipokuwa napaogopa. Siku ile tulikuwa tunatoka kung'oa jino lake. Hilo ulijua. Usichojua ni kwamba daktari wa meno alimjaza pamba mdomoni, akamwambia aing'ate asifungue kinywa mpaka saa nzima ipite. Kwa hiyo tulirudi kimya. Mimi nilifurahia, wifi. Nilimtania: "Leo utingo kafungwa breki." Akanifinya begani.

Tulipofika pale palipo na lori akaguna. Nikadhani ni jino. Akaguna tena kwa nguvu, akanigonga mkono, nami nikasema, "Pole, baba, tunakaribia." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia. Hakuwa anaumwa. Alikuwa ananiambia nipunguze.

Dereva wa lori aliapa mbele ya polisi kwamba alifunga kitambaa chekundu kwenye ncha za nondo. Nilimwita mwongo kwa sauti, na watu wakaniunga mkono kwa sababu nilikuwa mjane mwenye damu kwenye gauni. Kitambaa kilikuwepo. Kesho Jumatatu nakwenda kituoni na binti yetu nikayabadili maelezo yangu, lolote litakalotokea. Yule baba naye ana watoto wanaosikia akiitwa muuaji.

Lakini wewe nimekutanguliza, kwa sababu ndiwe uliyenipigania. Kaka yenu mkubwa alisimama kati ya waombolezaji akasema, "Mke akishika usukani, mume huvaa sanda," na hakuna hata mmoja aliyenyanyua kichwa. Wewe ndiye uliyemjibu, kwa simu iliyowekwa kwenye sauti kubwa, toka mbali huko: "Kaka, chunga mdomo wako. Kilichomuua ndugu yetu ni taa mbovu, si wifi yangu. Ukirudia, mimi na wewe basi." Akarudia. Na ikawa basi. Leo ni mwezi wa saba tangu hapo.

Mlizaliwa watatu, mmebaki wawili, na hao wawili hawasemezani kwa ajili yangu.

Sikukuambia jambo hili: kaka yenu huyo huja kila Jumamosi. Haingii ndani. Husimama pale mlangoni na kofia mkononi, anauliza kama anayeulizia bei, "Mdogo wangu anasemaje huko?" Namjibu, "Mzima, shemeji, anawasalimu," na ananiangalia, kwa sababu anajua hukumsalimu. Anaondoka. Jana nimeona kwamba anatembea kwa kujishika ukuta.

Alichosema kuhusu wanawake na usukani ni upuuzi, na nitamwambia hivyo. Wapo wanawake wanaoendesha malori. Lakini kuhusu mimi, siku ile, hakukosea. Ulivunja undugu wako kwa kunitetea juu ya jambo ambalo halikuwa kweli. Siwezi kuendelea kujikinga kwa ngao hiyo kama vile ni haki yangu.

Kwa hiyo sikuombi msamaha katika barua hii. Nikiuomba sasa utanipa upesi, kwa huruma, halafu utakuja kuujutia jikoni peke yako. Naomba jambo moja tu. Ukimaliza kusoma, kabla hujanijibu mimi, mpigie kaka yako mkubwa. Usianze na mimi wala na msiba. Mwulize miguu, mwulize presha, mwache aseme anachotaka. Mimi nitangoja zamu yangu, hata ikiwa ndefu.

Funguo za Kiberiti nimempa binti yetu. Taa zako ni nzuri, majirani wanakuja kuziangalia. Nilitaka kumwambia daktari aniachie macho yangu kama yalivyo, maana nione nini? Lakini kukataa nako niliona ni kujidekeza. Nimekubali. Jicho la kulia ni mwisho wa mwezi, la kushoto baadaye.

Nisalimie mumeo, mwambie tulipokea picha za nyumba mpya. Wasalimie watoto wote, mkubwa na pacha, waambie fulana zao nimezifua na kuzikunja, kuna watoto jirani zinawatosha. Msalimie na shangazi, kama bado anakaa nanyi. Binti yetu anakusalimu. Ameisoma barua hii na ndiye atakayeipeleka posta.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe mgongo usiouma na usingizi usiokatika, na akuachie ndugu yako uliyebaki naye miaka mingi.

Ni mimi nikupendaye, niliyefanywa wifi yako na kaka yako, na nitaendelea kuwa wifi yako mpaka wewe mwenyewe useme vingine,

Mke wa marehemu kaka yako.