Kandambili Ulizoacha Mlangoni

Baba Pacha,

Pokea salamu zetu. Pacha hawajambo. Mmoja kang'oka jino, mwenzake kanuna kwa sababu lake halitikisiki.

Dada yako kaniambia unauliza kama karakana ingali wazi. Iko wazi. Siku ile ulipobeba mashine ya msasa ukisema bila hiyo nitaishia kuuza kuni, nililia, sikufichi. Kesho yake nikabandika msasa kwa gundi kwenye kipande cha ubao, nikasugua meza. Kwenye matundu ya kuchomekea miguu ya viti, nikauzungusha msasa kwenye mpini wa fagio. Ikabaki migongo ya viti, ile iliyopinda. Ubao mgumu unaikwaruza, inataka kitu kinachokunjika. Ndipo nikaona kandambili zako mlangoni. Nikaikata ya kulia, nikabandika msasa kwenye soli. Inafuata mgongo wa kiti kama kiganja. Mama mwenye mgahawa alivipapasa viti vyake, akauliza nimenunua mashine gani. Nikamwambia, "Ya mume wangu."

Sasa dada yako anasema unataka kurudi, eti nikiomba radhi utasahau yote. Usahau nini, Baba Pacha? Mashine kaa nayo. Watoto njoo uwaone, mchana mlango hatufungi. Ila ukija, usivue viatu. Kandambili ya kulia imeshalika yote, na ya kushoto nimeikata leo asubuhi.

Ni mimi, fundi wa viti,
Mama Pacha