Toa Saa Nane

Jumanne, 14 Oktoba

Maji ya chai yamechemka mara mbili nikiwa nimesahau. Baridi ya leo hapa Nyeri si ya kuchezea. Ofisi iko juu ya agrovet na harufu ya dawa ya ng'ombe inapanda ngazi bila kualikwa. Nimezoea.

Mwalimu Gathoni amenipigia tena kutoka Othaya. Alistaafu, sasa anafundisha Kikuyu kwa intaneti, watoto wa watu wetu walio Minnesota, Marekani, kila Jumapili. Analalamika kwamba tovuti niliyomtengenezea inawaonyesha saa za Kenya na wazazi wamechoka kupiga hesabu.

Nimemaliza kazi haraka. Nimeiweka seva yote kwa saa ya Minnesota. Nikajipongeza kwa mandazi mawili.

Jumatano, 15 Oktoba

Siku mbaya. Seva ni moja, programu ni mbili. Hilo nilisahau. Alipo Mwalimu, ndipo ilipo pia programu ya kuandikia maziwa ya wakulima wa Tetu.

Muriithi, karani wa maziwa, alinipigia kabla sijavaa viatu. Maziwa yote ya leo yameandikwa kuwa ya jana. Kwetu asubuhi, Minnesota bado ni jana usiku. Wakulima wanafungua simu wanaona leo hawajaleta hata tone.

"Wairimu, kuna mama amerudi na mtungi yake kuniuliza kama nilimwaga," Muriithi akasema.

Nimerudisha saa ya Kenya. Maziwa yametulia, Mwalimu amenuna. Nimejikasirikia mchana kutwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepata. Nimezunguka chumba kama kuku aliyetaga.

Seva haifai kuwa ya mtu yeyote. Iwekwe kwa saa ya Greenwich na isiguswe tena. Kila kitu kihifadhiwe kwa saa hiyo moja, halafu kila programu igeuze yenyewe wakati wa kumwonyesha mtu. Mkulima wa Tetu aone saa ya Tetu. Mtoto wa Minnesota aone ya kwao. Hakuna anayemharibia mwingine.

Kwa Minnesota nimeandika tu: chukua saa ya Kenya, toa saa nane. Nilimuuliza kaka yangu Kimani, yuko huko tangu Aprili, anahudumia wazee usiku katika nyumba ya kuwatunzia. Amesema ni nane, imekuwa nane tangu ashuke kwenye ndege.

Jioni Muriithi ameandika "sawa". Kwa Muriithi hiyo ni hotuba.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Nimeenda nyumbani Tetu. Ngurario ya dada yangu Nyambura, harusi yetu ya kimila, imewekwa Jumamosi ya tarehe nane Novemba. Wakwe wanatoka Kiganjo. Bega la mbuzi litakatwa saa sita kamili mchana, kwa sababu baada ya hapo mvua haina adabu. Amesema Baba Mdogo Ndirangu, na akisema imeandikwa.

Baba hayuko tena. Kwa hivyo kabla mbuzi hajaguswa, Kimani ndiye atakayemuuliza Nyambura kama amekubali. Mama hataki mwingine. Nyambura pia. Ameniambia wazi kwamba hatamjibu mtu mwingine, hata wakwe wakilala hapo.

Nikajigamba mbele ya ukoo mzima. Nitaweka programu ya tatu kwenye seva yangu, chumba cha kuonana kwa video. Kimani atafungua linki, ataona saa yake, ataingia. Baba Mdogo ameniangalia kama mtu anayemwangalia mwenye kuuza dawa sokoni.

Jumamosi, 25 Oktoba

Imekamilika. Mimi naona saa sita mchana, Kimani anaona saa kumi alfajiri. Ameenda kwa msimamizi wake na kuomba mapumziko ya saa kumi. Amepewa. Nina furaha ya kijinga. Nimefungua ukurasa ule mara kadhaa kuutazama tu.

Jumapili, 2 Novemba

Mwalimu Gathoni amenipigia akiwa na sauti ndogo. Si kawaida yake. Alifungua darasa saa kumi na mbili jioni, akakaa mbele ya laptop saa nzima. Hakuna mtoto hata mmoja.

"Kama wamechoka na mimi, wangesema tu," akaniambia.

Akafunga. Baadaye watoto wakaingia wote, wakakuta hakuna mwalimu. Mzazi mmoja amemwandikia kuuliza kama ni mgonjwa.

Sielewi. Seva iko sawa. Greenwich iko sawa.

Jumatatu, 3 Novemba

Sasa najua. Nataka kucheka na nataka kutapika.

Marekani wamerudisha saa nyuma jana. Nchi nzima, au karibu nzima. Saa moja. Wanafanya hivyo kila mwaka baridi ikikaribia, halafu wakati wa jua wanaipeleka mbele tena. Mimi nimezaliwa hapa. Kwetu jua linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, na saa ya ukutani huguswa betri ikiisha tu. Haikunijia akilini kwamba watu wazima wanaweza kukubaliana kusogeza saa. Kimani naye hii ndiyo baridi yake ya kwanza huko. Tangu jana Minnesota si toa nane. Ni toa tisa.

Nimefuta ile hesabu yangu. Kumbe kompyuta zote zina kumbukumbu ya miji na tabia zake: lini mji unasogeza saa, lini haufanyi hivyo. Unaandika jina la mji, basi. Nairobi kwa sisi. Kwa Minnesota unaandika Chicago, maana wanafuata saa ile ile. Nimejaribu tarehe za Julai, za Novemba, za Machi. Zote zimejibu vizuri. Niliruka. Wa agrovet amegonga dari na ufagio.

Halafu nikakumbuka Kimani. Ameomba saa kumi. Mbuzi atakatwa saa yake ya tisa.

Jumanne, 4 Novemba

Kimani amejaribu. Msimamizi amekataa. Saa tisa usiku ndipo wazee hugeuzwa kitandani, hakuna kutoka.

Nimeenda kwa Baba Mdogo kumwomba asogeze hadi saa saba. Nimemweleza kila kitu, hata sehemu yangu. Amesikiliza mpaka mwisho, ndiyo mbaya zaidi.

"Ati wanarudisha saa nyuma. Na ng'ombe zao zinakamuliwa saa ngapi?" Akatikisa kichwa. "Wairimu, watu wa Kiganjo wameshaambiwa. Mvua iko na saa yake. Ni saa sita."

Naona aibu mpaka masikioni.

Alhamisi, 6 Novemba

Kimani amepiga. Amepata mtu wa kubadilishana naye mapumziko. Nikapiga kelele ofisini. Kisha akaniambia bei. Yule mwenzake anataka siku ya Krismasi. Kimani alikuwa amepewa likizo siku hiyo, akae na Mama kwa simu mchana kutwa. Sasa ataingia kazini.

"Usimwambie Mama kabla ya Jumamosi," akasema.

Mstari mmoja wa programu. Wangu.

Jumamosi, 8 Novemba

Imefanyika.

Wakwe walifika wakiimba langoni, wakajibiwa, wakafunguliwa. Niliweka laptop juu ya kreti mbili za soda na mwavuli juu yake. Saa sita kasoro skrini ilikuwa nyeusi. Baba Mdogo alitazama skrini, kisha mawingu, kisha mimi.

Kimani akatokea. Yuko stoo, nyuma yake mopu na ndoo, kavaa koti la suti juu ya nguo za kazi. Tukacheka wote, hata watu wa Kiganjo. Akakohoa. Akauliza kwa sauti ya Baba kabisa:

"Nyambura, hawa watu unawajua? Tule vyao?"

Nyambura akatazama ile skrini ndogo mpaka nikadhani mtandao umekwama. Akasema tule. Vigelegele vikaanza. Bwana harusi alipata kiungo cha bega mara ya kwanza, kisu kikapita safi. Kimani akapiga makofi taratibu, asiamshe wazee. Kisha ilibidi aende.

Mvua ilikuja saa nane. Baba Mdogo ameniletea nyama mwenyewe, mfupa mkubwa.

Jumapili, 9 Novemba

Nyumba kimya. Tumeosha sufuria.

Mwalimu Gathoni ameandika kwamba watoto wote wameingia. Muriithi hajaandika, kwa hivyo maziwa yako salama.

Nimemwambia Mama habari ya Krismasi, na kosa ni la nani. Akatoka kumwangalia ng'ombe. Alikaa huko.

Nikafungua laptop. Nimeanza programu ya nne kwenye seva ile ile. Ina watu wawili tu, Mama na Kimani. Chumba kimoja, kitafunguka siku ya Krismasi Kimani akiwa kwenye mapumziko. Saa kumi alfajiri kwake, saa saba mchana kwetu. Sikupiga hesabu. Niliandika majina ya miji.

Mama amerudi, akauliza chumba hicho kitafunguka saa ngapi. Nimemwambia saa saba, chakula kikiwa mezani. Amesema atapika mukimo. Kisha akasogeza sukari na thermos, akapapasa meza pale katikati, akitafuta mahali simu itakaposimama.