Pini, Si Kisu

Baba Shallon,

Maharage yako jikoni. ~~Chai jipikie.~~ Chai iko kwenye chupa.

Mimi nilisema kamba ya plastiki, hii yenye meno inayojifunga yenyewe, haikatwi, inafunguliwa! Asubuhi wewe ukachukua kisu, ukakata kamba pamoja na mpira wa kutolea maji kwenye pipa. Vumbi la hapa Buluk limekunywa maji yetu ya wiki nzima, na bado ukiniona nikiokota kamba kama hizi zilizotupwa unanicheka eti naokota takataka.

Haya, soma: ingiza pini kwenye kichwa cha kamba, inua ule ulimi mdogo, vuta kamba irudi nyuma. Itafunga tena.

Pini ndiyo hii, nimeichomoa kwenye beji yangu ya akina mama wa kanisa. Wakiniuliza leo beji iko wapi, nitawaambia mume wangu anajifunza kufungua kamba.

Mama Shallon