Gari Lako Kwenye Picha Zetu

Baba Pacha,

Chakula kiko kwenye hotipoti. Bomba la jikoni linavuja. Usiliguse, fundi anakuja. Mtu wa bima akikupigia, usikubali bei yoyote!

Asubuhi ukiwa bado umelala alikuja mkaguzi wao. Akalizunguka gari lako la spoti pale uani, lilivyokunjamana tangu ajali, akasema halitengenezeki tena, na kwa umri wake watalilipia kama gari chakavu lolote. Nikamuuliza, je, tukionyesha lilivyotunzwa?

"Hapo bei inapanda. Leteni ushahidi, mama."

Nikacheka mpaka akashangaa. Miaka yote hii hukubali tupigwe picha bila hilo gari! Watoto wanazibwa na taa, mimi nabanwa pembeni, nanuna. Sasa nimebeba albamu nzima, nampelekea ofisini aone lilivyong'aa mwaka hadi mwaka.

~~Usinisubiri.~~ Nisubiri, nina swali.

Kwenye picha ya harusi, mkono wako mmoja uko begani kwangu, mwingine kwenye boneti. Hebu niambie ukweli: ulikuwa unamshika nani asikukimbie?

Mama Pacha